Ufa Uliozibwa kwa Sabuni

Asubuhi za Ganako, Karatu, mwezi wa Juni zina baridi ya kuuma masikio, lakini wakati wa likizo Lukresia hakuhitaji kuamshwa mara mbili. Alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, akachota maji, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati, ambako kombi ya mama yake ilikuwa imeegeshwa. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili aliijua injini ya gari lile kuliko alivyoijua tebo ya saba. Mwalimu wake wa hisabati angeweza kutoa ushahidi.

Kombi ilikuwa kuukuu, ya zamani kuliko mama mwenyewe. Wageni wawili kutoka Ulaya walisafiri nayo nchi nyingi, wakafika nayo Karatu, wakachoka, wakaiuza. Ndani ilikuwa na kitanda, kabati na jiko dogo la gesi. Mama yake Lukresia, Angelina, ni mshonaji. Aling'oa kabati, mahali pake akaweka cherehani, akashona mapazia ya kitenge, na tangu hapo gari likawa duka na chumba cha kulala. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa, alipanda nalo hadi Nainokanoka, kule nyanda za juu za Ngorongoro, akakaa siku kadhaa akiwavisha watoto sare na kurekebisha zilizowabana au kuwapwaya. Watu wa kule, ambao maboma yao yako mbalimbali, walimpenda kwa sababu mashine yake iliwafuata mlangoni.

Kisha injini ikafa. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitaa kimoja tu chekundu cha kuonya kwamba oili imekosa nguvu, na kitaa hicho kilikuwa kimeungua bila mtu kujua. Oili ilivuja yote njiani, vyuma vikasagana vyenyewe kwa vyenyewe, na mwaka mzima mama hakupanda mlima. Vipuri vilitafutwa Arusha, vikatafutwa Moshi, vingine vikatoka kwenye mikweche iliyokwisha kuwa banda la kuku. Injini ilipofufuka, fundi Omary alisema wazi mbele ya wote:

"Mama Luku, hii ikifa tena sina pa kutoa nyingine. Tufunge geji ya presha ya oili. Taa ni jirani anayekuja kukuambia nyumba imeshaungua. Geji itakuambia tangu moshi unaanza."

Mama alikubali. Akamgeukia binti yake, akasema, "Nawe Luku, msaidie fundi. Mkifanya kazi nzuri, safari hii tunapanda wote."

Lukresia hakuwa amewahi kufika Nainokanoka. Siku ile alikula ugali wake amesimama.

Kazi ilifanyika siku moja kabla ya safari. Omary alivuta waya kutoka dashibodi hadi nyuma, kwenye injini. Akafungua tundu la oili ubavuni mwa injini, akalitia kiungo cha shaba chenye umbo la T: upande mmoja swichi mpya ya taa, upande mwingine kitufe kinene cha kuipelekea geji habari. Alipokuwa anataka kumalizia, akakuta kichwa cha waya hakitoshei.

"Nakwenda mjini dukani kwa Swaleh, nitarudi sasa hivi," alisema akiwasha pikipiki yake. "Hicho kiungo nimekiingiza kwa vidole tu. Usikikaze. Nitakuja kukikaza mwenyewe."

"Sawa, fundi."

Alisema sawa, na moyoni alikusudia iwe sawa. Lakini spana ilikuwa pale pale, na mtoto anayependa injini akiachwa na spana ni sawa na paka kuachiwa maziwa. Alikigusa kiungo, akaona kinazunguka. Barabara zetu zina mawimbi ya kutingisha meno, nati isiyokazwa hufika Karatu imebaki hadithi. Baba yake, mzee Emilian, alipokaza nati za magurudumu, alipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili mpaka nati iombe msamaha. Lukresia alikuwa amemwona hivyo tangu utotoni. Kwake, kukaza kulikuwa ni kutumia nguvu zote, basi.

Akatia spana. Akakanyaga bampa, akavuta kwa mikono miwili, akavuta tena.

Tik.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Lukresia aliinama akafuta vumbi kwa kidole. Kutoka ukingoni mwa tundu, kwenye ubavu wa injini, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Tone la oili lilijitokeza, likasimama pale likimeta.

Akaufuta mstari, tone likarudi. Kutoka ndani ya nyumba alimsikia mama yake akiimba huku anafunga mabunda ya sare. Mwaka mzima mama hakuwa ameimba hivyo. Angeanzaje kumwambia? Na Omary je, angemruhusu tena kugusa hata tambara la kufutia mikono?

Ndipo alipokumbuka sabuni. Hakuna dereva wa huku asiyejua dawa hiyo: tangi la petroli likitoboka njiani, unafinyanga kipande cha sabuni ya mche, unakibandika kwenye tundu, unafika salama. Lukresia alikimbilia karoni, akakata kipande, akakifinyanga kwa mate, akakishindilia kwenye ufa. Juu yake akapaka oili chafu na vumbi mpaka pakafanana na injini nyingine yote. Methali ya ufa na ukuta alikuwa ameiandika daftarini kwa mwandiko mzuri tangu darasa la tatu, na pengine alidhani ndiyo anaitii. Kuziba, aliziba.

Omary aliporudi, alishika kiungo, akakunja uso.

"Nani amekaza?"

"Mimi, fundi. Nilikaza kidogo tu, kwa mkono."

"Kwa mkono tu?"

"Kwa mkono tu."

Omary alimtazama kidogo, kisha akaangalia jua. Alikuwa na gari jingine la kumalizia. Aliunga waya, akawasha injini, na mshale wa geji ukapanda vizuri hadi nne. Aliiacha ingurume kidogo, akaangalia chini, hakuona tone. Alizima, akamwita mama aje aone.

"Hiyo ndiyo roho ya gari lako. Likiwa la baridi itasoma nne. Likipata moto mlimani, mbili inatosha. Ikishuka chini ya moja, zima hapo hapo, hata kama mbele yako amelala simba."

Kesho yake asubuhi waliondoka. Mjini Karatu walimpakia Nanyori, mama mmoja wa Nainokanoka aliyemleta mtoto wake mchanga, Namunyak, hospitali. Mtoto alikuwa amepona kikohozi, na Nanyori alikuwa na furaha ya mtu anayerudi kwake.

"Takwenya, Mama Luku!" alisalimu kwa Kimaasai.

"Iko, Nanyori," mama aliitikia. "Panda, keti kitandani huko nyuma, ujifunike. Juu kuna baridi."

Lukresia alikaa mbele, geji ikimtazama machoni. "Leo wewe usome, mimi niendeshe," mama alimwambia. "Nikiuliza unaniambia." Hakuna sentensi ambayo ingemchoma Lukresia kuliko hiyo.

Kwenye lami mshale ulitulia. Nne, kisha tatu na nusu. Lukresia alianza kupumua. Huenda sabuni imeshika, alijiambia. Huenda ufa wenyewe haukuwa ufa. Walifika kwenye geti la hifadhi ya Ngorongoro, mama akaonyesha kibali, lami ikaisha, na barabara nyekundu ikaanza kupanda msituni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti. Mama aliingiza gia ya pili, injini ikalia kwa kazi.

"Inasemaje, Luku?"

"Mbili na nusu, mama."

Hiyo ilikuwa kweli. Ila mara baada ya kona, mshale ulishuka hadi mbili, ukatetemeka, ukagusa moja na nusu, ukarudi.

"Inasemaje?"

Akisema, ataulizwa kwa nini. Mama atasimama, atafungua nyuma, ataona. Safari ya mwaka mzima itafia hapo kwa mkono wake.

"Mbili, mama."

"Safi. Fundi Omary Mungu ambariki."

Nyuma, Nanyori alinusa hewa. "Mama Luku, kuna mtu anafua nguo huku? Nasikia harufu ya sabuni. Tena sabuni inaungua."

Mama alicheka. "Ni hizo sare mpya, Nanyori. Kitambaa kipya kina harufu."

Lukresia hakucheka. Alijua ile ni harufu gani. Kule nyuma, ndani ya joto, sabuni yake ilikuwa inayeyuka, na nyuma ya sabuni ilikuwa oili yote ya kombi. Mshale ulikuwa sasa kwenye moja na nusu na haukurudi juu. Upande wa kushoto barabara ilipakana na bonde lenye kina, limejaa ukungu. Mama aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, mikono yake miwili ikishika usukani. Mtoto Namunyak akapiga chafya. Mshale ukagusa moja, ukaruka, ukashuka chini yake.

Uongo wa jana ulikuwa umeomba uongo wa leo, na wa leo sasa ulikuwa unaomba mwingine. Lukresia alifungua mdomo autoe, na haukutoka. Kilichotoka ni kilio.

"Mama, zima injini!"

"Nini?"

"Zima! Zima sasa hivi! Nimekudanganya, iko chini ya moja!"

Angelina hakuuliza tena. Alizima, akakanyaga breki, akavuta breki ya mkono. "Luku, jiwe!" Lukresia aliruka chini, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Kimya kikashuka. Kutoka nyuma ya gari moshi mweupe ulipanda, na chini oili ilichora mstari mweusi kwenye vumbi hadi walikotoka.

Pale pale barabarani Lukresia alieleza yote: spana, tik, sabuni, "kwa mkono tu". Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga wala hakumkaripia, na Lukresia aliona afadhali angepigwa.

"Jana fundi alikuuliza," mama alisema hatimaye. "Leo nimekuuliza mimi, nikakuamini. Humu ndani kuna mtoto wa watu, Luku. Mgonjwa aliyepona juzi."

"Nisamehe, mama."

"Sasa hivi nina hasira. Ngoja zipoe."

Wakati huo Nanyori alikuwa ametoa kichwa mlangoni, akiangalia msitu na si gari. Sauti yake ilishuka. "Ingieni ndani. Taratibu. Msikimbie."

Kutoka kwenye vichaka nyati dume alikuwa ametokea, peke yake, pembe zimejaa matope. Waliingia, wakafunga mlango bila kuubamiza. Nanyori alimpa mtoto ziwa ili asilie. "Nyati mzee aliyefukuzwa na wenzake hana adabu," alinong'ona. "Akija, tusiseme."

Akaja. Alinusa ile oili barabarani, akapuliza pua kwa nguvu, akasimama ubavuni mwa kombi, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo. Alijikuna kwenye bati, na gari zima likayumba juu ya jiwe moja. Lukresia alifumba macho. Alikuwa ameogopa kukosa safari, ameogopa fundi, ameogopa aibu, na sasa alijua kwamba zile hazikuwa hofu. Mama alimvuta akamkumbatia, pamoja na hasira zake zote.

Gari la watalii likiteremka mlima ndilo lililowaokoa. Dereva wake, Hilary, alikuwa amewaacha wageni hotelini na alirudi mtupu. Alipiga honi ndefu, nyati akatingisha kichwa, akajiondokea kwa madaha kama mwenye msitu. Hilary aliishusha kombi polepole hadi getini kwa chuma cha kuvutia, na simu iliposhika mtandao, mama akampigia Omary.

Fundi alifika na kisanduku chake. Mama alimwekea Lukresia mkono begani. "Mwambie mwenyewe."

Kumwambia fundi kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mama. Lukresia alisema yote akitazama viatu vya Omary. Fundi alipitisha kidole kwenye ufa, akanusa, akamwonyesha utelezi mweupe uliochanganyika na oili.

"Sabuni huziba petroli kwa sababu tangi halichemki wala halisukumi," alisema. "Oili ya injini inachemka, tena inasukumwa. Na huu ubavu ni chuma laini, siyo gurudumu. Hukazwa kwa kifundo cha mkono, siyo kwa uzito wa mwili." Akajifuta kidole. "Nami niliona umekaza, nikakimbilia kazi nyingine. Nilipaswa kukifungua nikague. Hilo ni langu, nalibeba."

Kisha akainama, akaanza kuizungusha injini kwa mkono, sikio lake likiwa karibu. Mama alisimama ameshika kiuno, midomo ikitembea bila sauti. Injini ilizunguka. Omary aliizungusha tena, akachomoa kijiti cha kupimia oili: ncha yake tu ndiyo ilikuwa na unyevu.

"Hai," alisema. "Haijasagika. Ingepanda kona mbili zaidi, tungekuwa tunazika."

Mama alikaa chini pale pale kwenye changarawe, akalia. Lukresia hakuwa amewahi kumwona mama akilia kwa sababu ya gari.

Sare hazikungoja. Lori lililopeleka mahindi Nainokanoka lilikubali kumchukua Nanyori, mtoto na mabunda yote. "Watoto nawajua mmoja mmoja," Nanyori alisema akipanda. "Zitakazokuwa ndefu tutakunja. Utakuja kuzishona." Akamtazama Lukresia kwa muda, akamgusa kichwa kama watu wa kwao wanavyosalimia watoto. "Wewe, umepiga kelele kwa wakati. Mara nyingine anza kabla." Lori likaondoka, na Lukresia akabaki akilitazama likipanda mahali ambapo yeye alitamani kufika.

Kombi ilivutwa hadi Ganako. Omary aliusafisha ufa kwa petroli mpaka ukawa mkavu, akaujaza gundi ya chuma, akauacha ushike. Safari hii kitufe kizito cha geji hakukirudisha juu ya injini. Alikifunga kwenye bodi ya gari, akakiunganisha na tundu la oili kwa mpira mgumu, ili mitikisiko isiuchokoze ubavu ule tena. Lukresia alishika taa, akapokea spana, na hakugusa kitu asichoambiwa. Kazi ilipokwisha, fundi alijifuta mikono.

"Sikiliza, binti. Katika kazi hii nimevunja vitu ambavyo nikivipanga vitajaza uwanja huu. Kuvunja ni sehemu ya kujifunza. Ungeniambia siku ile ile, ningenuna kidogo, tungeziba ufa, mngechelewa kidogo na sasa mngekuwa Nainokanoka. Ulipoficha, ukamfanya mama yako aendeshe gari asilolijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini gari likificha, linaumbua na waliopanda."

"Nimeelewa, fundi."

"Utaelewa siku ukivunja tena. Njoo kesho, nina gia ya kufungua."

Wiki iliyofuata walipakia upya, sindano na nyuzi za kurekebishia sare zilizokuwa zimekwisha kugawiwa. Alfajiri ilikuwa na baridi. Mama aliketi kwenye usukani, akaingiza ufunguo, lakini hakuuzungusha.

"Luku, kabla sijawasha. Kuna la kuniambia?"

Lukresia alitamani sana kusema hakuna.

"Lipo, mama. Jana nikisafisha betri, nati ndogo iliniponyoka, ikaangukia huko ndani. Niliitafuta sikuiona. Nilidhani labda haina maana."

Mama alichomoa ufunguo. Wakashuka, wakapiga magoti kwenye baridi, wakapapasa chini ya injini na juu ya vyuma, mpaka jua likachomoza juu ya mashamba ya ngano na vidole vikafa ganzi. Mama ndiye aliyeipata, imejibanza karibu na mkanda wa feni. Aliishika mbele ya uso wa binti yake.

"Hii ingeruka kwenye feni, tungerudi tena kwa yule nyati," alisema. "Umenichelewesha, mwanangu, na sijawahi kufurahia kuchelewa kama asubuhi ya leo. Mtu mkweli hukutia taabu mara moja, nawe unaendesha umetulia. Mwongo hakupi taabu yoyote mpaka uwe katikati ya mlima."

Akamfuta tope la mashavuni kwa ncha ya khanga, akapanda, akawasha gari.